Ugonjwa wa upande wa baba nao unahusika

Nimeisoma habari yenu kuhusu dalili za saratani ya ovari nikiwa na picha ya ultrasaundi mkobani, ambayo wiki iliyopita ilionyesha uvimbe wa sentimita 6 kwenye ovari yangu ya kushoto. Daktari alinieleza kwamba uvimbe mwingi wa aina hii si saratani, na kwamba hata kipimo cha damu cha CA-125, kinachotumika kutafuta dalili za saratani ya ovari, huweza kupanda kwa sababu ya fibroidi au hedhi tu. Nimemwelewa, ila usingizi umegoma. Mama mdogo alifariki kwa saratani ya ovari (msibani tuliambiwa "tumbo lilimsumbua"), na shangazi, dada yake baba, aliondolewa titi akiwa na miaka 41. Sikuwahi kumtaja shangazi hospitalini, nikidhani ya upande wa baba hayanihusu, kumbe kasoro za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazoongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari, hurithiwa kwa mzazi yeyote, hata baba ambaye mwenyewe hajaugua. Jambo hilo mmelipitia kwa sentensi moja. Jumatatu narudi kliniki, na safari hii nimeandika magonjwa ya wote wawili pamoja na umri wao nyuma ya bahasha ya picha.