Kiboko Yuko Juu, Kiboko Yuko Chini

Kifaransa kina u mbili, na moja kati ya hizo ilinitupa ziwani saa moja u nusu asubuhi, nikiwa nimevaa shati la kuazima.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa boti pale Dunga, kwenye Ziwa Victoria, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu mjini. Kiingereza changu na cha wageni kilikuwa kikibebana vizuri mpaka walipoanza kuja Wafaransa na Wabelgiji. Hawa wanawapenda ndege wa kwenye mafunjo kuliko ninavyowapenda mimi ninayelipwa kuwaonyesha. Nahodha wangu, Mjaluo asiyepamba maneno, akaniambia, "Omera, watu hawa wana pesa, na wewe huwezi kuwaambia hata kwaheri." Nikajiandikisha masomo ya jioni.

Tulikuwa saba katika chumba kimoja juu ya duka la misumari na mabati. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kikongo, na sote tulimwita Madamu. Kiswahili chake cha Bukavu kilituchekesha sisi, na Kifaransa chetu kilimchekesha yeye, kwa hiyo hakuna aliyemdai mwenzake.

Mambo yalianza kuniharibikia tulipofika sura ya likizo na safari. Kwenye picha kulikuwa na baba, mama, watoto wawili na sanduku, wanapanda treni kwenda baharini. Madamu akatueleza kwamba Wafaransa walianza kupata likizo ya malipo kwa sheria mwaka 1936, wiki mbili, na kwamba siku hizi ni wiki tano. Darasa likanyamaza. Mwenzetu mmoja, askari wa zamu ya usiku, akainua mkono: "Wiki tano, Madamu? Wakifanya nini?"

Kisha kila mtu akatakiwa aseme alivyotumia likizo yake ya mwisho. Mimi nilikuwa nimekwenda Vihiga kumwona nyanya, kwa hiyo nikasimama na kutangaza: "J'ai visité ma grand-mère."

Madamu akaweka chaki chini. Akasema visiter ni neno la mji, la kanisa kuu, la makumbusho. Mtu huwezi kumvisiti, unarends visite à kwake. "Wewe umetuambia kwamba ulimzunguka nyanya yako ukimkagua. Ulilipa kiingilio?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao, ingawa ukweli ni kwamba kwa nyanya kiingilio kipo. Sukari kilo mbili na majani ya chai, la sivyo hupiti kizingiti.

Hapo tukaingia kwenye nchi. Kwa Wafaransa kila nchi ina jinsia. Kenya ni mwanamume, kwa hiyo unakwenda au Kenya. Tanzania ni mwanamke, unakwenda en Tanzanie. Uganda naye ni mwanamume, lakini kwa kuwa jina lake kwao linaanza na irabu, anavalishwa en ya wanawake. Yaani ziwa letu hili moja, kilomita za mraba elfu sitini na nane na ushei, lina mume mmoja, mke mmoja, na jamaa mmoja aliyevaa leso. Nilimweleza nahodha habari hizi tukishona wavu. Akasema mpaka wa Migingo, kile kisiwa tunachogombania na Uganda, sasa anauelewa.

Vitenzi vya safari ndivyo vilivyomchosha Madamu kabisa. Vingi vinavyohusu kwenda, kuja, kufika na kuanguka havitaki avoir, yaani kuwa na, kama vitenzi vya kawaida, vinataka être, yaani kuwa. Husemi una kwenda, unasema wewe ni mwenda. Je suis allé. Je suis venu. Je suis tombé. Mimi kila siku: j'ai allé, j'ai venu, j'ai tombé. Alinisahihisha mpaka akaacha, akawa ananitazama tu kama mtu anayetazama mvua ikilowesha nguo alizoanika.

Halafu ile u. U ya kwanza, inayoandikwa ou, ni u yetu ya kila siku, haina shida. Ya pili, inayoandikwa u peke yake, sisi hatukuzaliwa nayo. Madamu alitufundisha hivi: sema i, kisha midomo uifanye kana kwamba unapuliza chai ya moto, lakini ulimi usiuondoe kwenye i. Nilifanya mazoezi kila mahali. Siku moja nilikuwa kwenye matatu ya Kondele nikipuliza chai isiyokuwepo, i, ü, i, ü, mama aliyekuwa ameketi mbele yangu akahamisha kikapu chake na kukiweka katikati yetu. Nikaacha mazoezi. Kosa hilo.

Kwa sababu dessus, yenye u ya kupuliza, ni juu. Na dessous, yenye u yetu ya nyumbani, ni chini.

Basi wakaja mzee mmoja Mfaransa na mkewe. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, kofia ya majani, darubini shingoni. Mama alikuwa mpole, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa kama viboko hupindua boti. Nikamjibu non, madame, kwa sauti ya rubani. Nikawavisha majaketi ya kuelea na mimi nikavaa langu juu ya shati jeupe nililoazima kwa shemeji. Tukaondoka.

Dakika ishirini za kwanza nilikuwa mfalme. Nikawaambia ziwa lina nchi tatu, na kila nchi nikaivika nguo yake sahihi. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Nikaelekeza ndege, nikaelekeza wavuvi wa omena wakirudi na taa zao. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, mguu mmoja juu ya ukingo wa boti, mkono kiunoni. Ukiniona ungedhani mimi ndiye niliyeligundua ziwa.

Tulipokaribia upande wa Hippo Point, nahodha akazima injini. "Rao," akanong'ona. Kiboko alikuwa amezama. Akizama anaweza kukaa hata dakika tano, kwa hiyo tukangoja kimya, maji yakipiga ubao, gugumaji likisogea polepole. Mama alikuwa amemshika mzee mkono.

Kisha huyo hapo mbele, mbali nasi kama nusu ya uwanja wa mpira, masikio mawili na pua, akapumua pffff. Furaha ikanipanda. Nilitaka kusema ametokea, yuko juu. Midomo ikasahau chai. Nikapaza sauti:

"Madame! L'hippopotame! Au-dessous! Au-dessous!"

Mama alisikia nilichosema, siyo nilichotaka kusema. Kiboko yuko chini. Chini ya nini, kama si chini yetu?

Akapanda juu ya ubao wa kukalia na viatu vyake. Mzee, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mtu wa kupenda ushahidi, akainama ukingoni kuchungulia chini ya boti. Uzito wote ukahamia kulia. Nahodha akapiga kelele kwa Kijaluo. Mimi na mguu wangu mmoja wa kishujaa tukahamia hewani, na kutoka hewani tukaingia kwenye gugumaji.

Jaketi la kuelea lilipanda mpaka masikioni. Nilikuwa naelea kama chupa, gugu limenikaa kichwani, na wazo langu lilikuwa moja tu: kiboko yule hajui Kifaransa, lakini anajua niliko. Nikapiga maji kuelekea kwenye boti nikilia, kwa lugha ya kwanza iliyonijia:

"J'ai tombé! Monsieur, j'ai tombé!"

Mzee akanyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono. Akaanza kuvuta. Na huku anavuta, uso wake ukiwa shubiri tatu kutoka wangu, akaniambia taratibu, kwa upole wa mtu aliyefundisha maisha yake yote:

"Je suis. Je suis tombé. Avec être."

"Je suis tombé," nikasema.

"Voilà," akasema, akanivuta ndani.

Kiboko alikuwa ameshazama zake. Mama alinifunika kwa kanga aliyoinunua mjini jana yake, akacheka mpaka akatokwa machozi, na bakshishi waliyoniachia ilitosha shati jipya la shemeji na samaki wawili wa kukaanga.

Jioni tulikuwa tumeketi ufukweni, nahodha anachambua ngege kwa vidole, mimi natoa majani ya gugumaji kwenye mfuko wa suruali. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza:

"Yule mzee, wakati anakuvuta, alikuwa anakuambia nini?"

"Alikuwa ananiambia nimeanguka."

Nahodha akatoa mwiba mdomoni, akautazama.

"Na wewe ulikuwa hujui?"