Temnospondili: tuwatazame na wadogo

Kila ninapoona picha ya temnospondili, mmoja wa kundi la amfibia wa kale, amechorwa jitu. Mara nyingi ni Mastodonsaurus wa Ujerumani, mwenye fuvu la zaidi ya mita 1 na meno mawili ya taya ya chini yaliyokuwa marefu mno hata yakatokeza juu kupitia matundu ya fuvu. Au ni Prionosuchus wa Brazili, ambaye huandikiwa urefu wa mita 9, ingawa kipimo hicho ni makisio yaliyotokana na vipande tu vya mnyama huyo. Majitu haya nayapenda sana. Lakini yamelifunika kundi zima, na msomaji huondoka akiamini kwamba temnospondili walikuwa aina ya mamba wa kale, wakafa wote, basi. Mimi naona sehemu yenye uzito zaidi katika historia yao ni ya wale wanaoenea kwenye kiganja cha mkono.

Kundi hili la amfibia lilianza kipindi cha Kaboni, takriban miaka milioni 330 iliyopita. Mtaalamu wa visukuku Karl von Zittel ndiye aliyelipa jina mwaka 1888 baada ya kutazama uti wa mgongo, ambao pingili zake zimegawanyika vipande badala ya kuwa mfupa mmoja mmoja. Kabla ya hapo watu walitegemea meno. Ukikata jino la temnospondili kwa upana unakuta dentini, yaani sehemu ngumu inayounda jino, imejikunja na kujipinda mpaka ndani, na kwa muda mrefu alama hiyo ilitumika kuwakusanya wanyama wengi wa kale katika fungu moja. Tatizo ni kwamba mikunjo hiyo imo pia katika meno ya samaki waliowatangulia. Wote walirithi kitu cha zamani sana, na kurithi kitu cha zamani hakukuambii nani ni jamaa wa karibu wa nani. Hili ni jambo la msingi katika kupanga nasaba za viumbe, na nasikitika kwamba maelezo mengi ya kawaida bado yanaliruka.

Linaloniudhi zaidi ni kuwaita "hatua ya mpito" kati ya samaki na reptilia. Reptilia walitokana na ukoo mwingine kabisa. Temnospondili walikuwa na maisha yao: Peltobatrachus, aliyepatikana Tanzania katika miamba ya kipindi cha Permi, aliishi nchi kavu akiwa amevaa mabamba ya mifupa mwilini. Mwanzoni mwa Triasi, kipindi kilichofuata Permi, wengine wenye pua ndefu nyembamba waliingia baharini, mahali ambapo amfibia wa leo karibu wote hawathubutu kuishi. Koolasuchus alikuwa bado hai Australia miaka milioni 120 hivi iliyopita, zama za dinosaria, wakati eneo hilo lilipokuwa karibu na ncha ya kusini ya dunia. Huenda baridi iliwazuia mamba kufika kumnyang'anya mito. Kundi lililodumu zaidi ya miaka milioni 200 halikuwa njiani kwenda kokote.

Sasa nije kwa wadogo.

Mwaka 1969 John Bolt alimwelezea Doleserpeton, temnospondili mdogo wa Permi kutoka Oklahoma, Marekani. Meno yake yana sehemu mbili, taji juu na shina chini, na kati yake pana ukanda usiokuwa na mfupa mgumu. Meno ya namna hiyo ndiyo waliyonayo vyura wengi, salamanda na sesilia, wale amfibia wasio na miguu wanaoishi wakichimba udongo. Hapa hatuzungumzii tena urithi wa samaki. Ni kitu kipya, na kitu kipya kinachoshirikiwa ndicho kinachofaa kuitwa ushahidi wa undugu.

Kisha akaja Gerobatrachus. Kisukuku chake kilipatikana Texas mwaka 1995 na kikaelezewa kitaalamu mwaka 2008: mnyama wa sentimita 11 hivi, aliyeishi miaka milioni 290 iliyopita. Ana fuvu pana na nafasi kubwa ya kiwambo cha sikio kama chura, lakini mifupa miwili ya kifundo cha mguu wake imeungana kama ya salamanda. Ukimweka karibu na Triadobatrachus wa Madagaska, aliyeishi miaka milioni 250 iliyopita akiwa na umbo linaloelekea chura, pingili 14 mbele ya nyonga na mkia mfupi bado, unaanza kuona safari ya ukoo mmoja. Vyura wa leo hawazidi pingili 9 mahali hapo.

Wapo wataalamu waliotafuta asili ya amfibia wa leo kwingine, katika lepospondili, kundi la wanyama wadogo wa zama hizohizo ambao baadhi yao walikuwa na miili mirefu kama nyoka. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Wanyama wadogo hupoteza mifupa na kufanana kwa sababu ya udogo wenyewe, kwa hiyo kila anayetegemea wadogo, nikiwemo mimi, lazima ajibu swali hilo. Kwangu jibu limeanza kupatikana: mafuvu ya baadhi ya lepospondili yalipopigwa picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, undani wake ulielekea upande wa nasaba ya reptilia na mamalia, na fungu lenyewe likaonekana kuwa mkusanyiko wa koo zisizohusiana. Ndiyo maana nasimama na wanaosema vyura na salamanda ni temnospondili. Kama ni hivyo, neno "waliotoweka" linahitaji kuangaliwa upya, maana amfibia wa leo ni zaidi ya spishi 8,000.

Mgogoro uliobaki ni wa sesilia. Mwaka 2017 kilitangazwa kisukuku cha Chinlestegophis kutoka Colorado, na waliokichunguza wakapendekeza kwamba sesilia walitokana na stereospondili, tawi lilelile la Mastodonsaurus. Lilikuwa wazo la ujasiri, nami lilinivutia, ila lingemaanisha kwamba yale meno ya taji na shina hayawaunganishi amfibia wote watatu kwa njia rahisi tuliyodhani, ilhali DNA huwaweka pamoja kama jamaa wa karibu. Mwaka 2023 akatangazwa Funcusvermis kutoka Arizona, sesilia wa kale kuliko wote wanaojulikana, wa miaka milioni 220 hivi. Ana meno ya sehemu mbili, na uchambuzi wake ulimrudisha upande wa Doleserpeton na wenzake. Sidhani kama Chinlestegophis amekwisha kujibiwa kikamilifu; fuvu lake bado lina mambo yanayodai maelezo. Lakini ushahidi wa Funcusvermis ulitoka kwenye mataya madogo mno, ya kutazamwa kwa hadubini, na hapo katika udongo wa Triasi uliochekechwa polepole ndipo ningetaka fedha na muda wa watafiti viende kwanza.