Nimetaka Anakili, Yeye Anasahihisha

Mie mzaliwa wa Mombasa, na neno ajenti nalijua tangu nikiwa wa kutumwa dukani. Ajenti ni yule jamaa mwenye faili kwapani anayekutolea kontena bandarini. Au yule wa nyumba, anakuonyesha chumba kisicho na dirisha kule Likoni, kisha anadai kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kukufungulia mlango. Hao nimeshawazoea. Huyu wa akili unde, anayekaa ndani ya kompyuta, ndiye atakayenitoa mvi.

Ilikuwa Jumatatu. Bosi wetu (tuna kampuni ndogo ya kutoa mizigo, siitaji maana mshahara bado nautaka) akaingia akijipepea na gazeti: "Leo tunaekspoti vitu vyote vya databesi." Karani wa bandarini akainua kichwa, akauliza kontena ni la futi 20 au 40.

Ikabidi nieleze. Databesi, lile ghala la taarifa ndani ya kompyuta, ina mali, na ina ramani ya mali. Mali ni mizigo, wateja, madeni. Ramani ni kusema jedwali hili lina kolamu kadhaa, hii ya namba, hii ya tarehe. Tena kuna viu, dirisha la kutazamia majedwali, kuna prosija, maagizo yaliyowekwa akiba, kuna triga, ile inayojifyatua yenyewe mtu akigusa kitu. Bosi alitaka ramani tu, kila kitu na faili yake, ziwekwe kwenye Git, programu inayotunza historia ya faili, ijulikane nani kabadilisha nini na lini. Maana wiki iliyopita kolamu moja ilifutwa, na ofisi nzima hakuna aliyeifuta. Kila ukiuliza, ati ni shetani.

Kwenye MySQL, programu inayoendesha databesi yetu, si kazi ngumu. Unaandika SHOW CREATE TABLE na jina la jedwali, linakutolea maelezo yake yote. Shida ni kwamba majedwali, viu, prosija na triga zetu kwa jumla ni 312. Najua wajuzi mtasema, si utumie mysqldump, chombo cha MySQL cha kumwaga databesi nzima, bila data? Jaribuni. Usipoiambia --routines, prosija inaziacha nyuma kimya kimya, na kwa kawaida vyote vinarundikwa kwenye faili moja kama mitumba ya Kongowea. Nikamwita ajenti.

Adabu anayo, sikatai. Imezidi. "Naomba ruhusa ya kusoma jedwali la wateja." Ruhusa. "Naomba ruhusa ya kuandika faili." Ruhusa. "Naomba ruhusa ya kusoma..." Nimeoa miaka 11, na nyumbani kwangu sijawahi kuombwa ruhusa hata moja. Mara ya arobaini nikabonyeza ruhusu yote, nikashuka zangu kutafuta mahamri na mbaazi.

Narudi na mfuko unavuja tui, nakuta: "Kazi imekamilika! Faili zote 312 ziko tayari." Na alama za kijani juu, utadhani ni siku ya Idi. Nahesabu folda. Faili 311.

Nikahesabu tena, jasho lanitoka, feni imesimama maana stima ilikuwa inakuja na kuondoka kama mgeni wa harusi. Mwisho nikagundua: tuna jedwali linaitwa Mizigo na jingine linaitwa mizigo. Seva yetu ni ya Linux, kwake hao ni watu wawili. Laptopu yangu ni ya Windows, kwake ni mtu mmoja. Faili ya pili ikaikalia ya kwanza.

Hilo nililimeza. Lililonikwama kooni ni hili. Tuna kolamu inaitwa tarehe_ya_kuwasiri. Ndiyo, kwa r. Aliyeitengeneza ameshahama kazi, ulimi wake ulikuwa wake, na ripoti zote zinaiita hivyo hivyo. Ajenti kaandika tarehe_ya_kuwasili. Sikumtuma! Tungejenga databesi mpya kwa faili zile, ripoti zingeitafuta kolamu zisiione, na meli isingewasili wala kuwasiri.

Nafungua triga, ile ndefu ya kupiga hesabu ya faini za kuchelewa. Mistari kumi safi, halafu: "sehemu iliyobaki ni kama awali". Ati kama awali! Mimi ndiye niliyemtuma aniletee hiyo awali!

Nikamuuliza. Akajibu: "Uko sahihi kabisa! Asante kwa kuligundua hilo." Na hapo ndipo anaponiudhi hasa, maana mtu akikubali kosa upesi hivyo, hata raha ya kugombana naye huipati.

Ndipo nikaelewa kosa langu. Yeye alikuwa anayasoma maelezo, kisha anayaandika upya kwa mkono wake, na msomi ukimpa kazi ya kunakili lazima atie chumvi. Nikamwambia: hebu niandikie skripti, programu fupi, ivute maelezo kwenye databesi iyamwage faili moja kwa moja, wewe usiyaguse, usiyaonje. Na kila faili iwe na namba mbele, yale Mizigo mawili yasikaliane. Dakika mbili, skripti tayari. Faili 312, kuwasiri ikiwa na r yake, triga nzima mpaka nukta ya mwisho.

Nikaondoka ofisini kama bwana harusi. Niko katikati ya feri ya Likoni, nimebanwa kati ya baiskeli ya madafu na mama mwenye kuku, simu inalia.

"Wewe! Git yasema jedwali la mizigo limebadilishwa jioni hii! Nani kaligusa?"

Nikakumbuka. SHOW CREATE TABLE huandika pale chini na namba ya mzigo utakaofuata. Mteja akileta mzigo, namba inasogea, na skripti ikiendeshwa tena Git inaona faili imebadilika. Nikaanza kueleza, bosi, ile namba ya kujiongeza, honi ya feri ikalia, kuku naye akapaza sauti.

"Sisikii! Nakuuliza ni nani?"

"Shetani, bosi."

"Nilijua," akasema, akakata simu.