Utando Unaokataa Maji na Mahali Unapofaa

Mitambo mipya mingi ya kuondoa chumvi kwenye pwani za Ghuba hutumia osmosisi kinyume, yaani maji ya bahari husukumwa kwa mgandamizo unaofikia mara 55 hadi 70 ya ule wa hewa ya kawaida, yakapenya utando na kuiacha chumvi nyuma. Wapo watafiti wanaotetea njia nyingine, ya mvuke, ambayo utando wake hauyapitishi maji kabisa. Mara nyingi hutengenezwa kwa PTFE, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, na vitundu vyake havifiki upana wa maikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Maji ya bahari yaliyopashwa moto hadi nyuzi 60 au 80 hupita upande mmoja, mvuke pekee huvuka, kisha hupoa upande wa pili na kuwa maji yasiyo na chumvi. Pampu za nguvu kubwa hazihitajiki, na joto la kiasi hicho hutupwa kila siku na viwanda.

Tatizo ni nishati. Kugeuza mita moja ya ujazo ya maji kuwa mvuke kunataka takriban kilowati-saa 650 za joto, ilhali osmosisi kinyume hutumia kilowati-saa 3 hadi 4 za umeme. Ni kweli kwamba umeme una thamani kuliko joto, na kwamba sehemu ya joto hilo hurejeshwa mvuke unapopoa, lakini pengo ni pana mno. Anayedai kwamba utando huu utachukua nafasi ya osmosisi kinyume kwenye maji ya kawaida ya bahari anawaahidi watu wa pwani maji ambayo hawataweza kuyalipia.

Utando huu ninauunga mkono kwa dhati kwenye majichumvi yanayobaki. Osmosisi kinyume ikishatoa nusu ya maji, yaliyosalia huwa na chumvi ya takriban gramu 70 kwa lita, maradufu ya bahari, na kuyasukuma zaidi huzielemea pampu na tando zenyewe. Njia ya mvuke huweza kuendelea hadi chumvi inapokaribia kuganda, hivyo ikapunguza majichumvi mazito yanayomwagwa baharini, yakazama na kudhuru viumbe vya sakafuni.

Hata hapo, mafuta au sabuni kidogo hutosha kuyaingiza maji vitunduni, na chumvi ikapita nayo. Majaribio ya maabara yanayotumia maji yaliyotiwa chumvi tupu hayajibu hoja hiyo. Kinachotakiwa ni utando uliokaa miezi mingi ndani ya majichumvi halisi, yenye dawa za mtambo na mabaki ya mafuta ya meli, bila kulowa.