Jeni ya foleti na kisukari: ushahidi unaishia wapi?

Kipimo cha jeni ya MTHFR siku hizi kinauzwa kwa yeyote mwenye mate ya kutia kwenye kichupa. Majibu yakirudi, mteja huambiwa ana "hitilafu" katika uchakataji wa foleti, kisha hufuata orodha ndefu ya maradhi anayotakiwa kuyaogopa, kisukari kikiwemo. Hoja ya kuiunganisha jeni hii na kisukari aina ya pili si ya kipuuzi. Ina mantiki ya kibayolojia na ina tafiti nyuma yake. Shaka yangu ni kama tafiti hizo zinaweza kubeba uzito unaotwikwa juu yake.

Foleti, yaani vitamini B9, haifanyi kazi mwilini kama ilivyoingia. Hupitia hatua kadhaa, na mojawapo husimamiwa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini) kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya MTHFR iliyoko kwenye kromosomu ya 1. Kimeng'enya hicho huandaa foleti ya aina inayotoa methili (kikundi kidogo cha atomi za kaboni na hidrojeni) ili homosisteini, asidi ya amino iliyomo kwenye damu, igeuzwe kuwa metionini, asidi ya amino nyingine, kazi ambayo haikamiliki bila vitamini B12. Foleti au B12 ikipungua, au kimeng'enya kikilegea, homosisteini hurundikana kwenye damu.

Mwaka 1995 timu ya Rima Rozen huko Montreal, Kanada, ilieleza tofauti ya kurithi iitwayo C677T: katika nafasi ya 677 ya jeni, herufi T, moja ya herufi nne za DNA, imekaa mahali pa C. Aliyeipokea T kwa baba na kwa mama, anayeitwa TT, hubaki na takriban asilimia 30 ya nguvu ya kawaida ya kimeng'enya. Mwenye T moja hubaki na asilimia 65 hivi. Hapa hakuna ubishi.

Ubishi unaanzia kwenye kisukari. Wanaoamini uhusiano upo husema kwamba homosisteini ikizidi hudhuru utando wa ndani wa mishipa ya damu, na kwamba katika majaribio ya maabara imeonekana kuvuruga utoaji wa insulini na namna seli zinavyoiitikia. Huongeza kuwa methili hizo hizo hutumika kuweka alama kwenye DNA, alama zinazoamua jeni ipi iwake na ipi izimwe. Kisha huleta takwimu. Tafiti nyingi zimelinganisha wagonjwa wa kisukari na watu wazima wasio nacho, na zilipokusanywa pamoja, T ilionekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa, hasa katika sampuli za Asia. Kwa watu wenye asili ya Ulaya uhusiano huo hufifia. Kwa wagonjwa ambao tayari figo zao zimeguswa na kisukari, T imeonekana zaidi pia.

Mimi tafiti za namna hii husoma nikiwa na wasiwasi. Nyingi zilihusisha watu wachache, na utafiti mdogo usiopata kitu mara nyingi huishia kwenye droo bila kuchapishwa. Halafu kipo kitendawili cha nani alitangulia. Figo zikidhoofika, homosisteini hupanda. Metfomini, dawa inayotangulizwa kwa wagonjwa wengi wa kisukari, hupunguza B12 ikitumiwa kwa muda mrefu, na B12 ikishuka homosisteini hupanda. Kwa hiyo kukuta homosisteini nyingi kwa mgonjwa wa kisukari hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyomletea ugonjwa. Huenda imeletwa na ugonjwa wenyewe, au na tiba yake.

Jeni inaweza kutusaidia kukwepa mtego huo. Mtu hupewa jeni zake mimba inapotungwa, kama kura, na ugonjwa wa ukubwani hauwezi kurudi nyuma kuzibadilisha. Kama homosisteini kweli huleta kisukari, waliozaliwa na TT wangeugua zaidi. Watafiti wamelifanyia kazi wazo hili, na majibu yamegawanyika: baadhi ya chambuzi ziliona dalili ya usababishi, nyingine hazikuona. Kwangu mimi ushahidi mzito zaidi ni upekuzi wa jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, kwa mamia ya maelfu ya watu. Umeshaorodhesha mamia ya maeneo yanayohusiana na kisukari aina ya pili. Jeni ya TCF7L2 ilijitokeza mwaka 2006 na haijawahi kuondoka. C677T, ambayo kwenye tafiti za homosisteini ni kinara, kwenye kisukari haimo katika safu ya mbele. Ingekuwa na athari kubwa kwa kila mtu, isingejificha kwenye sampuli za ukubwa huo.

Vidonge navyo vimejaribiwa. Nchini Marekani zaidi ya wanawake 5,000 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata waligawiwa kwa bahati nasibu: wengine asidi ya foliki (foleti inayotengenezwa kiwandani) miligramu 2.5 kwa siku pamoja na B6 na B12, wengine vidonge visivyo na dawa. Miaka zaidi ya saba baadaye, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009, homosisteini ilikuwa imeshuka lakini hatari ya kupata kisukari haikupungua kwa kiwango cha maana.

Upande wa pili una jibu, tena jibu zuri. Marekani ilianza kuongeza asidi ya foliki kwenye unga kwa lazima mwaka 1998, hivyo wengi wa wanawake hao hawakuwa na upungufu wa kuzibwa. Na kimeng'enya dhaifu cha TT hutulia kikipata foleti ya kutosha na vitamini B2. Kwa maana hiyo, jeni ile ile inaweza kuwa na madhara kwa jamii yenye upungufu na isionekane kabisa kwa jamii iliyoshiba vitamini hizo. Nakubali hoja hiyo, na huenda ndiyo inayoeleza tofauti ya Asia na Ulaya. Ila inawageukia walioileta: kama kila kitu kinategemea lishe, cha kupimwa ni vitamini zilizomo kwenye damu, wala si jeni.

Dhana kwamba asidi ya foliki haidhuru kitu, basi tumeze tu, ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Huko Kanada, watu 238 wenye kisukari kilichofika kwenye figo walijaribiwa kwa dozi kubwa za asidi ya foliki, B6 na B12. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliopewa vitamini ndio walioshuka utendaji wa figo kwa kasi zaidi, na ndio waliopata mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa wingi zaidi. Huko Pune, India, Chittaranjan Yajnik na wenzake waliripoti mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka sita ambao mama zao walikuwa na foleti nyingi na B12 kidogo wakati wa ujauzito ndio waliokuwa na ukinzani mkubwa zaidi wa insulini, yaani seli kutoiitikia ipasavyo. Huo ni uhusiano tu, haujathibitishwa kuwa sababu, wala haumwondolei mjamzito haja ya mikrogramu 400 za asidi ya foliki zinazomkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Lakini unaonyesha kwamba foleti haitazamwi peke yake bila B12.

Sasa mchukue mgonjwa aliyetumia metfomini miaka kadhaa, ambaye miguu imeanza kufa ganzi. Anapata majibu ya TT, ananunua asidi ya foliki ya dozi kubwa. Kama tatizo lake ni B12, asidi hiyo inaweza kurekebisha upungufu wa damu unaotokana na tatizo hilo na hivyo kuficha dalili, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika na kila mtu akidhani ni sukari. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilikumbusha mwaka 2022 kwamba mtumiaji wa metfomini mwenye dalili apimwe B12. Kipimo hicho ni cha damu ya kawaida, majibu yake yana tiba inayojulikana, na ndicho cha kumwomba daktari kwanza.