Njia Yetu Inaitwa Shuzi, na Jina Libaki

Kuna wenzetu kwenye klabu ya baiskeli wanataka tubadilishe jina la njia ya Igombe. Wanasema mgeni akisikia "Jumamosi tunapiga Shuzi" atadhani hatuna adabu. Adabu kweli imepungua kidogo. Lakini majina wanayoleta, mara Upepo wa Ziwa, mara Njia ya Mawe, yanafaa hoteli.

Kwa asiyeijua: tunatoka Kirumba, jijini Mwanza, tunapita Pasiansi na uwanja wa ndege, kisha Igombe, na wenye pumzi wanaendelea hadi Kayenze. Ziwa linaonekana, linapotea nyuma ya majabali, linaonekana tena. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 wapo wanaotaka tuhamie huko. Waende. Mimi siachi Igombe kwa ajili ya malori ya Buhongwa.

Jina lilizaliwa kwenye msafara. Upepo ukiwa wa mbele tunafuatana gurudumu kwa gurudumu, anayeongoza akiwakinga wenzake. Siku hiyo aliongoza mzee wetu mmoja, fundi cherehani, mtu wa heshima zake. Harufu ikaja. Wa pili akanyamaza, wa tatu akakohoa, wa nne akashindwa: "Mzee, shikamoo, lakini jana ulikula nini?" Mzee akafunga breki katikati ya barabara, akaapa kwa jina la mama yake. Ubishi ukaendelea hadi kona iliyofuata, tulipoukuta mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na dagaa waliolowa mvua ya usiku wametandazwa mchangani. Hakuna aliyeomba radhi, tulicheka tu. Siku hizi mzee ndiye anayelipenda jina hilo kuliko sisi wote.

Wanaolalamika wangejifunza kwanza mwenendo wa njia yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika na mchanga hubaki mtupu. Jua likiwa kali, dagaa wanakauka upesi na harufu yao ni ile ya jikoni, haimsumbui mtu. Kinachoharibu ni mvua. Upepo nao una saa zake: alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, jua likipanda hugeuka na kutuletea kila kilichoko mwaloni. Ukipita pale mkasalimiana "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na akina mama, pua yako iko salama. Ukifika wakati wa "mwadila", ile ya mchana, umejitakia.

Kinachoniudhi mimi ni wale wanaoziba pua mbele ya wanaoanika. Dagaa aliyeoza ni hasara ya mtu. Mama amenunua ndoo akitegemea kuuza kitoweo, mvua imenyesha, sasa atauza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Vichanja vya kuwainua dagaa kutoka mchangani vinasaidia sana, ila vinataka mbao na nyavu, na mwenye mtaji wa ndoo mbili atazitoa wapi? Halafu anapita mtu na kaptula ya kubana, juu ya baiskeli ghali kuliko mtaji wa mwalo mzima, anasema "hawa watu wachafu". Huyohuyo nimemwona akipitwa mlimani na mchuuzi mwenye Phoenix, gunia la dagaa nyuma, kandambili miguuni.

Kwa hiyo jina libaki, ila likome kwenye maongezi yetu wenyewe, mwaloni lisitamkwe. Na kama kweli tuna hela ya kushona jezi mpya zenye jina zuri la njia, mimi napendekeza hela hiyo ikanunue mbao za vichanja. Nitalisema hili kwenye kikao, najua nitazomewa.

Jumamosi hii ni giza, mitumbwi iko kazini. Tunaondoka Kirumba saa 11:30 alfajiri, na safari hii hatumsubiri mtu anayetafuta pampu.