Viteketezwe virusi vya ndui

Kwenye arusi moja pale Mtama, mtoto alimwuliza mzee mbele za watu kwa nini uso wake umejaa mashimo. Mama yake akamvuta kwa aibu. Mzee hakukasirika. Alikishika kidole cha mtoto, akakipitisha shavuni, mashimo yalivyosongamana mpaka kwenye kope za jicho lisiloona. "Ndui hiyo, mjukuu wangu. Wenzangu wengi tuliougua nao tuliwazika."

Nimerudi Lindi na hasira ambayo haijanitoka. Kirusi kilichomla uso mzee yule, kile cha ndui kali iliyoua karibu watu 3 katika kila 10, bado kipo. Kimehifadhiwa kwenye majokofu ya maabara mbili, moja Atlanta, Marekani, nyingine Koltsovo, Urusi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba ndui imetokomezwa, na Mkutano Mkuu wake ukapanga masalia yateketezwe ifikapo Juni 1999. Tarehe ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mpaka leo yapo.

Wanasema maabara hizo ni salama. Janet Parker alikuwa mpiga picha tu, chumba chake kikiwa juu ya maabara ya ndui huko Birmingham, Uingereza. Mwaka 1978 ndui ileile kali ikamuua, wakati mitaani ilikuwa imeshakwisha. Na mwaka 2014, Bethesda, Marekani, chupa za kirusi hicho zilikutwa kwenye chumba cha baridi, zimekaa tangu miaka ya 1950 bila wakubwa kujua kama zipo. Matajiri wenye vifaa vyote wamesahau kifo ndani ya sanduku! Kikitoka tena, kitawakuta wanetu wa Newala na Kilwa hawajachanjwa, kwa sababu chanjo ya ndui kwa umma ilishasimamishwa duniani kote.

Haya, nakubali kwamba kirusi hicho kimesaidia kupima dawa mpya. Lakini chanjo haitengenezwi kwacho, hutengenezwa kwa kirusi kingine cha jamii yake, na vinasaba vya kirusi cha ndui vilishasomwa na kuandikwa. Cha kulindia nini tena?

Kila Mei wajumbe wetu hukaa Geneva kwenye Mkutano Mkuu huo wa Shirika la Afya Duniani, na kura ya Tanzania ina uzito sawa na ya nchi nyingine yoyote mwanachama. Nataka mjumbe wetu asimame pale, adai tarehe ya kuteketeza, na akatae kuahirishwa tena hata kwa mwaka mmoja.